Tulimpakia Mshikaki

Mimi ni mtu wa haraka, sifichi. Pale Katonga ninapouza dagaa, wenzangu wakiwa bado wanaulizana habari za wagonjwa na za wajukuu, mimi nimeshatandaza, nimeshageuza, nimeshagombana na mteja mmoja na kupatana naye. Mama yangu alizoea kusema kwamba nilizaliwa njiani kabla mkunga hajafika, na tangu siku hiyo sijamsubiri mtu. Alisema kwa kujisifu, na mimi nikapokea vivyo hivyo. Ile methali ya haraka haraka haina baraka niliiona imetungwa na watu wanaopenda kulala.

Mdogo wangu, kitinda mimba wa nyumba yetu, alinifuata mimi kwa tabia. Baba alifariki kabla hajamwandikisha shule, kwa hiyo nusu ya malezi yake yalinifikia mimi. Nilimbeba mgongoni, nilimwogesha, nilimchapa, nikamtafutia viatu vya shule, nikamchapa tena alipovipoteza ziwani. Alipokua akaingia kwenye bodaboda, kijiwe cha Gungu. Mwili hakuwa nao, mdomo alikuwa nao. Abiria walimpenda kwa sababu aliwachekesha na kwa sababu aliwafikisha. Mtu aliyechelewa basi la asubuhi alimpigia yeye kwanza. Nilimsema sana kuhusu mwendo wake, lakini nikiwa na ndoo zangu za dagaa nilimwita yeye huyo huyo na kumwambia akanyage mafuta.

Vijana hao wana sheria moja ambayo haikuandikwa popote. Mwenzako akianguka, unaacha shughuli yako, unageuza, unambeba. Humwachi chini asubiri gari, maana gari lenyewe huenda lisije. Wanamweka katikati: dereva mbele, majeruhi nyuma yake, na mtu wa tatu nyuma kabisa wa kumkumbatia asidondoke. Ndio mshikaki, watu watatu juu ya pikipiki moja, na wengine wanatangulia na honi kufungua njia. Walijivunia kwamba hakuna mwenzao aliyewahi kukata roho barabarani mikononi mwao, na mimi nilikuwa shahidi wao. Uchungu wa mwanangu wa pili uliponishika mvua ikinyesha, walinipakia hivyo hivyo, mama amenikumbatia kwa nyuma, nikafika leba nikiwa bado na nguvu za kumtukana dereva. Kwa hiyo asije mtu akadhani kwamba walikuwa wajinga. Walikuwa ndio gari letu la wagonjwa.

Ubishi wa mashindano ulianzia kwenye kahawa. Vijana wa Ujiji walisema wa Gungu wanajua kupiga honi tu. Vijana wa Gungu walisema wa Ujiji wamezoea kuendesha taratibu kwa sababu abiria wao ni mabibi wanaokwenda kutoa pole. Yakaenda, yakarudi, mpaka maneno yakawa hayatoshi. Wakaomba ruhusa, wakapewa Jumapili moja mchana, kipande cha barabara ya vumbi kinachoshuka kutoka kijiweni, kinapinda kona penye mtaro wa mawe, kisha kinapanda na kurudi. Mizunguko mitatu. Mshindi angeondoka na mbuzi na matairi mawili mapya. Tuliambiwa pia kwamba kutakuwa na gari dogo la kubebea watakaoumia, na kweli gari hilo niliona linapita asubuhi. Saa ya kuanza lilikuwa limetumwa kufuata jenereta ya muziki.

Asubuhi hiyo mdogo wangu alikuja nyumbani kwetu Rusimbi kuomba dua ya mama. Mama hakuyapenda mashindano lakini hakuwa mtu wa kumnyima mwanawe dua. Aliweka mkono juu ya kichwa chake, akasoma alichosoma, akamalizia na maneno ya Kiha anayoyajua yeye na Mungu wake. Kisha akaniambia mimi nikamwangalie mwenzangu. Yeye alibaki. Alisema makelele atayasikia hapo hapo mkekani.

Zilikuwa pikipiki kumi na nne. Watu walijaa pande zote mbili za barabara, wengine wamepanda juu ya kuta. Nilisimama karibu na kijiwe, nimejifunga kanga kiunoni, sauti tayari imeanza kukauka kabla hata hawajaondoka. Mzunguko wa kwanza alipita akiwa wa nne. Nilimpigia kelele kwamba ananitia aibu. Alipopita mara ya pili alikuwa wa pili, nyuma ya kijana mmoja wa Ujiji mwenye jaketi jekundu, na alinicheka kabisa, meno yote nje, akaninyooshea kidole kimoja kunionyesha kwamba amebakiza mtu mmoja tu wa kumpita. Nikamwambia akanyage. Nilimwambia kwa sauti yote niliyokuwa nayo, na watu walionizunguka wakacheka.

Kuanguka kwenyewe sikukuona. Nilisikia injini inalia juu sana, kama inavyolia pikipiki tairi lake likiwa haligusi kitu, kisha ikanyamaza. Vumbi likapanda kule kwenye kona. Baadaye walinieleza kwamba tairi la nyuma liliteleza kwenye kokoto, pikipiki ikaenda kwake na yeye akaenda kwake, akapiga mgongo kwenye ukingo wa mtaro. Mimi nilichokiona ni jaketi jekundu. Yule kijana wa Ujiji alikuwa ameshamaliza kona, amepata nafasi kubwa mbele ya wote, na mbuzi alikuwa amefungwa pale pale machoni pake. Akageuza shingo akaona vumbi. Akapunguza, akageuza pikipiki, akarudi chini alikotoka. Wengine nao wakazima mmoja mmoja. Hakuna aliyepuliza filimbi kusema mashindano yamekwisha, na hakuna aliyeuliza mshindi ni nani, mpaka leo.

Nilikimbia mpaka nikafika. Mdogo wangu alikuwa amelala ubavu kando ya mtaro, macho yako wazi, vumbi limempaka uso mzima. Damu ilikuwa kidogo tu kwenye kiwiko. Niliposhika uso wake alisema, "Dada, mgongo." Nilimwambia namwona, asiogope. Nilitazama kichwa, nikatazama kifua, nikashika mikono yote miwili. Miguu sikuitazama. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka kama niliiona ikitikisika hata kidogo, lakini kumbukumbu hiyo sina, kwa sababu macho yangu hayakufika huko.

Hapo ndipo akajipenyeza mama mmoja wa makamo, mnene, mwenye mwavuli. Sikumjua. Aliusogeza mwavuli ili kivuli kimfike mdogo wangu usoni, akasema kwa sauti ya chini kabisa kwamba tusimnyanyue. Tumwache alale kama alivyo, tupige simu gari lirudi, na kama ni lazima kumtoa, tutafute ubao mrefu, hata mlango wa kibanda tuung'oe, tumlaze juu yake akiwa amenyooka. Alisema yote hayo bila papara, neno baada ya neno, na upole wake ndio ulionipandisha hasira. Mtoto wangu yuko chini anaugulia maumivu, mtu ananizungumzia habari za milango.

Nikamwambia, "Angekuwa wako ungesubiri?"

 Alirudi nyuma hatua mbili, mwavuli wake akauacha bado umeinama upande wetu. Nadhani angetaka kusema tena, lakini vijana walikuwa wameshaanza kusema twende, twende, na rafiki mkubwa wa mdogo wangu, yule waliyeanza naye kazi siku moja, alikuwa ameshaleta pikipiki na anaiwasha.

Mimi ndiye niliyehesabu. Moja, mbili, tatu. Wanne walimnyanyua kwa mkupuo, wakamkalisha katikati. Alipiga ukelele mmoja ambao bado ninao. Nikarukia nyuma yake, nikamkumbatia kifuani kwa mikono yangu yote miwili, kichwa chake kikalala begani kwangu, na tukaondoka, pikipiki nyingine zote mbele yetu na nyuma yetu, za Gungu na za Ujiji zimechanganyika, honi zinalia mji mzima. Nitasema jambo ambalo sijalisema popote. Njia nzima nilikuwa naogopa, ndiyo, lakini ndani ya woga huo kulikuwa na fahari. Niliona watu wanatupisha, niliona magari yanasimama kando, nikajiambia tunawahi. Tulifika hospitali upesi ajabu. Nilipomkabidhi kwa wahudumu neno la kwanza kunitoka lilikuwa hilo, tumewahi.

Daktari alikuwa kijana mdogo kuliko mdogo wangu. Alimpima kimya, akachukua kitu chenye ncha akawa anamgusa gusa nyayoni, akipanda kidogo kidogo mpaka kiunoni, na kila akigusa anamwuliza kama anasikia. Mdogo wangu alikuwa anatazama dari. Alisema hapana, hapana, hapana, mpaka akafika karibu na kitovu. Kisha daktari akatugeukia sisi tuliokuwa mlangoni.

"Mmemleta na nini?"

Rafiki yake akajibu kwamba kwa pikipiki. Daktari akauliza kama alikuwa amelala au amekaa. Nikasema amekaa, mimi nilimshika. Akaandika. Nilimwuliza kwa nini anauliza, akasema ni kawaida kuuliza, kisha akasema kwamba uti wa mgongo unaweza kuumia pale pale mtu anapoanguka na unaweza kuumia zaidi baadaye, na kwa sasa hakuna wa kujua. Angenitukana ningemshukuru. Alinionea huruma, akaniita mama, akaenda kutafuta namna ya kumpeleka hospitali kubwa zaidi.

Mdogo wangu alikaa huko mbali miezi mitatu. Alirudi amekonda, ana mdomo ule ule, na miguu iliyolala kama ilivyowekwa. Wakaja watu. Kwetu mtu akipata tatizo watu wanakuja, na kila anayekuja lazima asimuliwe upya, na msimulizi nilikuwa mimi. Nilisimulia kona, kokoto, mtaro, jaketi jekundu, jinsi wenzake walivyoacha mashindano. Nilipofika kwenye kuanguka nilisema alivunjika pale pale, hata tulipomfikia miguu ilikuwa imeshakufa. Mara ya kwanza niliposema hivyo sikujua kama nadanganya. Nilitaka tu iwe hivyo. Mara ya kumi nilikuwa nimeshaanza kuiona hiyo miguu iliyokufa niliyokuwa sijaitazama. Mama wa mwavuli nilimtoa kabisa kwenye hadithi.

Wageni walitikisa vichwa, wakasema ajali haina kinga. Nililipenda neno hilo. Nililishika kama mtu anavyoshika kamba ya mtumbwi. Mama naye akawa analisema, akakaa nalo, na siku moja aliniita akaniambia anamshukuru Mungu kwamba nilikuwepo, maana bila mimi mwanawe angekufa barabarani. Nilisema ahsante mama. Na kila niliposimulia, mdogo wangu alikuwa hapo hapo kitandani anasikiliza, na mgeni akimgeukia kumwuliza, alikuwa akisema ndiyo, pale pale, sikusikia kitu tena.

Rafiki yake aliacha bodaboda mwaka huo huo. Aliiuza pikipiki akaingia kwenye mitumbwi, anavua migebuka, na kila akiwa nchi kavu Ijumaa anakuja kumnyoa mdogo wangu nywele. Wanazungumza mpira. Mimi na yeye tukikutana mlangoni tunasalimiana haraka, na hakuna anayetaka kubaki na mwenzake peke yake.

Nilijifunza kazi mpya. Kumgeuza kila baada ya muda mfupi asipate vidonda, mchana kwa saa na usiku kwa kuamka. Kumsafisha bila kumvunjia heshima, maana ni mwanamume mzima na mimi ni dada yake. Mwanzoni tulikuwa tukilia wote wawili. Baadaye akaanza kunitania kwamba nimerudia kazi ya zamani, ila safari hii ananyoa ndevu. Dagaa nikawauza asubuhi tu. Wenzangu Katonga walinisifu, wakasema dada wa namna hii hayuko. Kila sifa ilikuwa inanichoma, na sikuwa na la kufanya ila kuitikia.

Yule mama wa mwavuli nilimwona tena mara moja tu, sokoni, ana kikapu cha mboga. Alinijua. Aliniamkia vizuri, akauliza mgonjwa anaendeleaje. Nilimwambia hajambo. Nikatamani aniambie, "Nilikuambia," nimjibu kwa hasira, nipate pa kuitoa. Aliniambia Mungu atampa nafuu, akaenda zake. Baadaye niliulizia nikaambiwa alifanya kazi hospitali miaka mingi, wodi ya mifupa, mpaka akastaafu. Sikula siku hiyo.

Mama alifariki mwaka jana. Alikufa vizuri, kama kufa kuna uzuri, mkono wake uko kwenye mkono wa mdogo wangu, kitanda chake kimesogezwa jirani na cha mwanawe. Baada ya arobaini nyumba ikawa kimya sana. Tulibaki wawili, wanangu wako shule za mbali, na mimi nikagundua kwamba kitu nilichokuwa nimekibeba nilikuwa nakibeba kwa ajili ya mama. Sasa mama hayupo na mzigo bado ninao. Kwa mtu asiyejua kusubiri, nilikuwa nimesubiri miaka sita.

Ilikuwa mchana, ninamwogesha. Nilikuwa nimemaliza mgongo na mikono, nimeweka beseni miguuni, nina mguu wake wa kulia kwenye paja langu. Sikuwa nimepanga. Nilianza tu kusema. Nikamwambia kwamba siku ile kulikuwa na mama mmoja mwenye mwavuli, alituambia tusimnyanyue, alisema tung'oe mlango, na mimi nilimfukuza. Nikamwambia kwamba ni mimi niliyehesabu moja mbili tatu. Nikamwambia kwamba miguu yake sikuiangalia, nilisema uongo kwa watu wote, nilisema uongo kwa mama. Nilikuwa nasema na mguu ule, siwezi kutazama juu. Nilipomaliza nikasubiri aseme ajali haina kinga. Nilikuwa na hakika atasema hivyo, maana ni mpole kuliko mimi, na nilikuwa tayari kulia kwa kusamehewa.

 Akasema, "Nilimsikia."

Nikainua uso. Alikuwa hana hasira. Alikuwa ananitazama kama anavyonitazama nikimletea chai.

"Kokoto zilikuwa zimeingia kwenye kiatu cha kushoto," akasema. "Zinanichoma kisigino. Nilitaka nikuambie univue. Tukaondoka bado zinanichoma. Tulipopita lile tuta la karibu na hospitali, zikaacha."

Niliuliza swali la kipumbavu, nikamwuliza kama ana uhakika. Akasema amekuwa na muda mwingi wa kufikiri, hana jambo jingine analolijua vizuri kuliko hilo. Nikamwuliza kwa nini basi, miaka yote hiyo, wageni wakimwuliza anasema pale pale. Kwa nini hakuniambia hata siku moja, hata tulipogombana, na tuligombana mara nyingi, na mdomo anao.

"Ningekuambia, dada," akasema, "ungenishika na mikono ipi?"

 Nilikuwa nimekuja kuungama, nikakuta mwenzangu ameshajua, ameshaumia, ameshanisamehe au hajanisamehe, sijui, na ameendelea kunipa mwili wake kila siku niuoshe. Mikono yangu ilikuwa imetulia ndani ya beseni. Nje watu walikuwa wanapita, pikipiki zinapiga honi kama kawaida.

"Bado mguu wa kushoto," akaniambia. "Malizia, maji yanapoa."

Nikauchukua mguu wa kushoto nikauweka kwenye paja langu. Nikauosha taratibu, kuanzia goti mpaka kisigino.